Mkanda wa Harusi ya Mwanaidi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Morogoro yakaanza tena kujaa sabuni na kanga za kuchagua, harusi bila video ilionekana kama pilau bila nyama. Walianza watu wa mjini. Mwisho homa ikapanda mlima mpaka Kinole, ambako umeme wenyewe haukuwapo na hakuna aliyekuwa na televisheni. Watu hawakuona tatizo. Walisema mkanda hauozi, utakaa kabatini kusubiri.

Bi Pili alishuka mjini siku ya Jumanne, juu ya lori la matunda, na mikungu yake ya ndizi na kikapu cha mdalasini. Biashara ilikwenda vizuri. Alipomaliza alinawa uso kwenye bomba la sokoni, akajifunga kanga upya, akaenda kwenye studio moja ya picha iliyokuwa uchochoroni nyuma ya soko. Studio hiyo ilikuwa ya vijana wawili waliozaliwa hapo hapo Morogoro, wazazi wao walikuja zamani kutafuta kazi viwandani. Oscar alikuwa mtu wa video. Eustace alikuwa mtu wa picha za kawaida, mkimya, mwenye kupenda kazi yake kuliko maneno. Walimwamkia shikamoo, wakamvutia kiti, wakamwagizia soda.

Usidhani Bi Pili alikuwa mtu wa kufuata mkumbo. Alikuwa na sababu yake. Binti yake mkubwa, Hafidha, alifariki miaka mitatu nyuma wakati wa masika. Homa ilimshika barabara ikiwa imekatika, wanaume wakambeba kwa machela kuteremka naye mlima, akakata roho kabla hawajaiona lami. Hakuacha picha hata moja. Mwanzoni mama yake hakuona hasara, maana sura alikuwa nayo kichwani. Kumbe sura nayo huchakaa. Kila alipofumba macho kumtafuta mwanawe alimpata amefifia zaidi, mara kafanana na mdogo wake, mara kafanana na yeye mwenyewe Bi Pili. Kumzika mtoto ni msiba. Kusahau sura yake ni msiba wa pili, na huo hauna majirani wa kuja kukupa pole. Basi aliapa kwamba huyu mdogo aliyebaki, Mwanaidi, hataolewa bila kupigwa picha.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililoleta yote. Kwao Waluguru jina la marehemu haliachwi chini. Matanga yakishaanuliwa, watu wa upande wa mama hukaa, wakamchagua mmoja wa ukoo, wakampokeza jina hilo. Tangu siku ile ndugu humwita kwa jina la marehemu na kumheshimu kama marehemu, na aliyekufa hupata mahali pa kutua, akalala. Ukoo wao ulikuwa umebaki na watu wachache. Siku ya matanga ya Hafidha, binti wa marehemu dada yake Bi Pili alikubali kulipokea. Aliyekataa ni Bi Pili. Mikidadi, kaka yake na mkuu wa ukoo, alimbembeleza mpaka jua likachwa.

"Akishalichukua mtu mwingine, kaka," Bi Pili alimwambia, "mimi wangu nitamwita nani?"

Mikidadi alisema tu kwamba jina lisilopokelewa hujitafutia mtu lenyewe, akachukua fimbo yake akaenda zake. Mwaka uliofuata yule binti aliyekuwa tayari naye akafa kwenye uzazi. Habari ya jina ikaachwa, kama inavyoachwa kazi ambayo kila mtu anangoja mwenzake aianze.

Sasa pale studio, baada ya kuelewana malipo na siku, Oscar alitaka kujua watu muhimu wa familia, asije akapoteza mkanda kwa kupiga wapishi. Akauliza mama ana watoto wangapi. Bi Pili akajibu wawili, wote wa kike. Ndivyo alivyojibu siku zote. Ulimi ulishazoea, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Oscar akafurahi, akasema dada wa bibi harusi ndiye anayesahaulika kwenye kila harusi, ila yeye hatamsahau.

Hapo ndipo pa kusema. Mama alifungua kinywa aseme kwamba mmoja ni marehemu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumsikia mtu akiwataja wanawe wawili bila kushusha sauti. Ilikuwa tamu. Akaona acha aionje kidogo.

"Wapige wote wawili," akasema.

"Umeniambia, mama," alijibu Oscar. "Wote wawili."

Siku ya harusi ukungu uliondoka mapema, jua likawaka juu ya mikarafuu. Hamza, bwana harusi, kijana mkulima wa mpunga kutoka Dakawa, aliwasili na watu wake wakiwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Ngoma zilikuwa zinalia. Watani wa ukoo walimfunga Eustace kwa kamba ya mgomba, wakasema hawamfungui mpaka awapige picha wakiwa wanakula, naye akawapiga. Bi Pili alicheka siku ile. Waliokuwapo wanakumbuka kicheko chake, maana kilikuwa kimeadimika.

Kabla ya kumtoa mwali nje, Oscar aliruhusiwa kuingia chumbani ampige akiwa kwenye mkeka. Alikuwa na kamera kubwa ya kubeba begani, jicho moja kalitia kwenye kioo chake, jingine kalifumba. Mwanaidi alikuwa ameketi na somo wake, mwanamke aliyemfunda, hina mbichi mikononi. Wanawake watano sita walikuwa ukutani wakiimba. Bi Pili alisimama mlangoni na chetezo cha udi.

"Dada wa bibi harusi," alisema Oscar, "sogea karibu na mwenzio."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka, akidhani kijana ana utani wa mjini. Oscar hakucheka. Alipunga mkono wake wa kushoto taratibu, kama mtu anayempanga mwingine.

"Hapo hapo. Inua uso. Haya, tulia."

Kamera ilikuwa imeelekea upande wa kulia wa Mwanaidi. Pale palikuwa na mkeka mtupu. Nyimbo zikafa. Mwanaidi alijikunyata, akamwinamia somo wake, akamnong'oneza kumwuliza ni nani anayemwegemea. Somo akamwambia ni woga wa harusi. Lakini kanga ya Mwanaidi ilikuwa imebonyea begani. Ilibonyea hivyo, na haikunyooka.

Bi Pili aliweka chetezo chini. Akamvuta Oscar ukumbini, akamwuliza alikuwa anasema na nani.

"Na mwanao mkubwa, mama. Huyu mwenye mwanya, mwenye alama ya kuungua hapa shingoni. Mpole kweli. Hasemi."

Alama ya kuungua. Uji, Hafidha akiwa anaanza kutembea. Bi Pili alikuwa ameisahau ile alama. Oscar aliteremsha kamera, akachungulia chumbani kwa macho yake mawili, akasema aa, dada katoka. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni walikuwa wamesimama wao.

Mama mwingine angepiga yowe. Angemwita kaka yake, harusi ikasimama, wazee wakaketi. Bi Pili alijua kwamba ndivyo inavyotakiwa. Alijua pia kwamba akifanya hivyo hatamwona mwanawe tena, si kwa macho wala kwa kamera. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimshika Oscar mkono.

"Mpige," akanong'ona. "Mpige vizuri."

Akampiga. Siku nzima, kila alipokwenda bibi harusi, Oscar aliacha nafasi kidogo kulia kwake, na mara moja moja alitamka neno dogo la adabu, kama kumwomba mtu asimfunike mwenzake. Bi Pili alitembea nyuma yake. Hakula. Jioni Mwanaidi alipopandishwa gari kwenda Dakawa, mwili wake ulikuwa wa baridi, akasema bega linamuuma.

Mkanda ulipokuwa tayari Bi Pili alikwenda mjini peke yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wanapishana uchochoroni na mizigo yao. Oscar alifunga pazia, akawasha deki ya video. Eustace alikuwa amesimama kando na bahasha ya picha zake, akasema kwa kusita kwamba kuna kitu hakielewi. Kwenye picha zake dada hayumo. Lakini katika kila picha watu wameacha nafasi ya mtu mmoja. Hata kwenye ile ya familia nzima, walipobanana bega kwa bega, pana pengo kulia kwa bibi harusi na hakuna aliyeegemea humo. Bi Pili hakumsikia. Runinga ilikuwa imewaka.

Alimwona. Hafidha wake, na mwanya wake, na shingo yake, ameketi na magoti pamoja kama alivyofundishwa. Mama alilia mpaka akashindwa kuona, akajifuta, akaomba mkanda urudishwe nyuma, akalia tena. Alimtaja kwa jina. Alimwambia amekonda. Oscar, ambaye Eustace alikuwa amekwisha kumwambia kwamba dada huyo ni marehemu, kama alivyosikia kwa watani, alirudi nyuma mpaka mlangoni, lakini hakuwa na roho ya kuzima.

Ndipo Bi Pili akaanza kuona. Chumbani Hafidha alikuwa pembeni. Uani alikuwa amemgusa mdogo wake bega. Wakati wa kula mikono yao ilikuwa kwenye bakuli moja. Midomo ya Hafidha ilikuwa inatembea, karibu na sikio la Mwanaidi. Mfululizo. Haikupumzika. Na mwisho kabisa, bwana harusi alipoketi na mkewe kwa ajili ya picha ya mwisho, aliyekuwa katikati na shela kichwani alikuwa Hafidha. Mwanaidi alikuwa pembeni. Alikuwa amefifia. Ukutani nyuma yake ungeweza kuhesabu matofali.

"Zima," alisema Bi Pili.

Aliporudi Kinole alimkuta Hamza ameketi barazani na Mikidadi, viatu bado vina tope la majaruba. Alikuwa amepanda basi la kwanza mpaka Msamvu mjini, halafu lori. Kijana wa watu alimwamkia mkwewe huku ametazama chini. Alisema mkewe hali, halali, na akimwita haitiki. Amejaribu dawa za hospitali, amesomewa dua. Juzi alimshika mikono akamwita Mwanaidi, Mwanaidi.

"Akaniambia, mama, 'Huyo unayemwita nimemwambia asogee.'"

Kuku walikuwa wanaparua uani. Kisha Bi Pili akamweleza kaka yake yote, studio na chumbani na mkanda, bila kuficha, akauliza kama wakiuchoma mkanda itasaidia. Mikidadi akasema mkanda umeonyesha tu, haukuleta. Kilicholeta ni mdomo wake yeye mama, uliomhesabu na kumwalika mtoto asiye na mahali pa kukaa. Alipokuja akakuta kiti kimoja tu, na kina mdogo wake. Hakusema kwa hasira. Mzee yule alikuwa analia.

Jina lilitakiwa lipate mtu haraka. Lakini nani? Mabinti wa Mikidadi walikuwa watu wa ukoo wa mama yao, hawawezi. Yule aliyekuwa tayari zamani yuko ardhini. Damu ya ukoo ilikuwa imebaki kwa watatu: mwanamume mmoja mzee, Mwanaidi anayekwisha, na Bi Pili. Bi Pili akasema atalipokea yeye.

Mikidadi akakataa. Akamwambia jina hushuka, halipandi. Mama hapokei jina la mwanawe, haijapata kuonekana, kwa sababu akiwa yeye ndiye mtoto, kiti cha mama anakiacha kwa nani? Bi Pili akamwuliza kama ana njia nyingine. Mzee akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini ili mkwe asisikie:

"Ukishalipokea, usilikane hata mara moja. Siku utakayosema wewe siye Hafidha, litarudi kwa yule yule."

Walimleta Mwanaidi kesho yake, amelala kwenye gari, mwepesi wa kubebwa na mwanamke mmoja. Mikidadi alichanganya unga wa mtama na maji, wakaenda makaburini. Hapakuwa na ngoma wala watu. Mzee aliita majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, akamwaga unga. Akampaka dada yake kwenye paji la uso, kifuani na miguuni. Akamwita Hafidha. Mara ya kwanza Bi Pili hakuitika. Mara ya pili alimtazama Mwanaidi aliyelazwa kwenye mkeka, pumzi yake inakuja na kupotea.

"Abee," akaitika.

Upepo haukuvuma, mti haukutikisika. Ila Bi Pili alisikia kitu kimeketi ndani yake, kizito na kimechoka, kama mtoto aliyetoka shamba. Na kitu kingine kikatoka. Hakujua ni kipi.

Mwanaidi aliamka alasiri. Alitazama watu, akakaa mwenyewe, rangi imemrudia. Hamza alipiga magoti akashukuru Mungu kwa sauti. Binti akamgeukia Bi Pili, akatabasamu.

"Dada," akasema, "nina njaa."

Wote walifurahi, maana ndivyo alivyotakiwa kumwita. Bi Pili alimlisha uji kwa mkono wake. Alipomaliza, Mwanaidi alifuta mdomo, akaangaza macho barazani, mlangoni, jikoni. Akauliza mama yuko wapi.

Mikidadi aliinamisha kichwa. Bi Pili alishika lile bakuli tupu. Alimtazama mwanawe, akaona hafanyi mzaha, na haumwi. Macho yalikuwa meupe, mazima, yanamtazama kama unavyomtazama ndugu yako wa tumbo moja. Neno lilikuwa mdomoni. Neno moja tu, mtoto angelipata jibu lake. Na kesho yake angekuwa amefifia tena.

"Mama alitangulia, mdogo wangu," akasema. "Siku nyingi."

Baada ya wiki chache Oscar alipanda Kinole kwa miguu kutoka lori lilipoishia, na mkanda ndani ya mfuko wa rambo. Hakutaka kukaa nao. Alisema ameutazama tena na dada hayumo, katoka kabisa, bibi harusi yuko mahali pake na anapendeza. Lakini kuna kingine. Pale wageni wanapojipanga kumpa mkono mama mzazi, wanainama, wanashika hewa, wanacheka na hewa, wanapita. Aliapa kwamba alimpiga yule mama siku ile. Kisha akamtazama Bi Pili aliyekuwa anamwagia maji ya kunawa, akamwambia asante, dada. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Alhamisi moja Mwanaidi alikuja kutoka Dakawa, mja mzito, akaomba waende kufyeka kaburi la mama. Bi Pili alichukua jembe. Njiani alikuwa hajui atamwonyesha lipi. Hakuhitaji kuonyesha. Mwanaidi alitangulia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile la Hafidha, akapiga magoti, akaanza kusimulia huku anang'oa majani: jinsi ilivyokuwa masika, barabara imekatika, mama wakambeba kwa machela, mvua inamnyea usoni, naye anakimbia nyuma akimwita. Mikidadi alikuwa amefuatana nao. Yeye ndiye aliyeshika mti wa mbele wa machela ile. Bi Pili alimgeukia aone kama atasema kitu. Mzee alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alimbeba nani.

Mwanaidi alilala kifudifudi juu ya udongo, akalia, akimwita mama, mama. Mkono wa Bi Pili ulinyanyuka kumshika begani, ukaishia hewani. Akaweka jembe chini. Akapiga magoti kando yake, akakumbatia udongo ule ule, akalia kwa sauti mpaka ikamkauka, maana dada naye huruhusiwa kumlilia mama.